Jezi za Ohio zitafika Pangani, ila kontena liache kwanza

Swali: Naishi Columbus, Ohio, mwanangu anacheza mpira kwenye klabu ya watoto ya huku. Klabu imebadilisha jezi, basi wazazi wenzangu waliposikia natokea Tanzania wakaanza kuniletea mifuko, jezi, njumu, mipira, wengine mpaka vifaa vya baseball. Gereji imejaa. Nataka viende kwa watoto wa shule za msingi kwetu Pangani. Nianzie wapi, nikodi kontena? Na nitatozwa ushuru wakati ni msaada?

Jibu: Dada yangu, habari za huko. Naanza na kontena maana naona ndio linakusumbua kichwa: usikodi. Kontena la futi 20 ukilipanga vizuri linameza kama mita za ujazo 28, na mifuko ya gereji moja hata uipange vipi haifiki robo ya hapo, kwa hiyo utalipia hewa kutoka Ohio mpaka Dar, au mbaya zaidi utaanza kuwaomba watu vitu vya kujazia nafasi, na hapo ndipo misaada mingi ya michezo inapoharibika, watu wanatafuta cha kujaza badala ya cha kutumika. Mi nimekuwa mwalimu wa michezo, na kwa miaka sasa kazi yangu ni kupokea vifaa vya namna hii kutoka nje na kuvifikisha mashuleni, zaidi mkoa wa Tanga, na kama kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla hujabeba hata soksi moja ni hiki: orodha iandikwe Pangani, sio Columbus. Wewe saa hizi unayo orodha, ila ni orodha ya vitu ambavyo watoto wa Ohio wameacha kuvihitaji, haina uhusiano wowote na watoto wa Pangani wanachokosa. Zinaweza zikakutana kwenye vitu vitatu vinne, na hivyo ndio vya kusafirisha.

Kwa hiyo kabla ya kupanga mifuko piga simu. Chagua shule mbili au tatu, sio wilaya nzima, mtafute mwalimu mkuu na mwalimu wa michezo. Na usiwaulize "mnahitaji nini" maana jibu unalijua, watakwambia chochote mwanangu tutashukuru, sisi watu wa pwani mtu hawezi kukataa zawadi ya mgeni hata kama hana pa kuiweka, ni adabu tu. Uliza maswali yenye jibu la namba. Leo hii mna mipira mingapi inayokaa na upepo? Wavulana wanaokuja mazoezini jioni wangapi, wa darasa la ngapi? Wasichana wanacheza netiboli au na wenyewe wako kwenye soka? Uwanja ni mchanga, udongo au una majani? Nguzo za goli zipo? Stoo ina kufuli, na ufunguo anakaa nao nani? Ukishapata majibu hayo utashangaa jinsi nusu ya gereji inavyojiondoa yenyewe.

Nakutabiria jibu la kwanza: mipira. Shule nyingi nilizopita Pangani na Muheza unakuta mpira mmoja wa maana, huo unatunzwa kwa mechi, na watoto kila siku wanapiga chandimu na mpira wa mifuko ya plastiki na kamba. Ukimpa mwalimu mipira 10 mazoezi yanabadilika kabisa, maana badala ya watoto 40 kuukimbilia mmoja, kila watoto wanne wana wa kwao na kila mmoja anaugusa. Hakuna jezi inayoweza kufanya hivyo. Sasa mipira ina saizi na watu wengi wanaotuma hawaangalii. Namba 5, ule wa watu wazima, mzunguko wake sentimita 68 mpaka 70 na uzito gramu 410 mpaka 450, mtoto wa darasa la tatu akiupiga peku mguu unamuuma. Kwa shule ya msingi namba 4 ndio ya kazi, kwa wale wadogo kabisa namba 3, halafu namba 5 miwili mitatu kwa timu ya shule inayojiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi.

Mpira uliotumika ukaguliwe hivi. Jaza upepo mpaka ugumu wa kawaida, uache usiku kucha, asubuhi ubonyeze. Ukiwa umelegea uzamishe kwenye beseni la maji uangalie mapovu yanatokea wapi. Yakitoka kwenye valvu tu bado una maisha, tone la gliserini kwenye valvu mara nyingi linatosha. Yakitoka kwenye mshono basi blada imekwisha, huo usiupandishe ndege. Na ukiweza kuchagua, chagua ule wa kushonwa kwa uzi kuliko wa kubandikwa kwa gundi, kwa sababu wa kushonwa ukifumuka fundi viatu pale Pangani mjini anaushona jioni hiyo hiyo, ule wa gundi ukibanduka hauna fundi. Afu sindano za pampu! Naomba hili ulichukue kwa uzito wake. Nimeona mipira mizuri kabisa imekaa stoo mwaka mzima imelala kama chapati kwa sababu sindano ilikatika na duka la karibu hakuna nyingine. Tuma pampu mbili za chuma kwa kila shule na sindano 20, zote ni kama nusu kilo tu, na mwalimu afundishwe kulowesha sindano kabla ya kuingiza.

Kuna mipira isiyohitaji pampu kabisa, ile ya One World, ilianza kusambazwa mwaka 2010, imetengenezwa kwa povu gumu la aina ile ile ya viatu vya kroksi, hata mwiba ukipita haipotezi umbo. Inadunda tofauti kidogo, kwa mechi rasmi siipendi, ila kwa watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne kwenye uwanja uliozungukwa na miba ni sawa kabisa. Na hapa jirani Nairobi kuna Alive and Kicking, wanatengeneza mipira tangu 2004, inashonwa na mafundi wa hapa hapa kwa ajili ya viwanja vyetu, kwa hiyo kama wazazi wa klabu wana pesa kidogo ya kuchangia, mpira wa kununua Nairobi au hata Kariakoo kwa fedha ya mchango unaweza kukutoka kwa bei ndogo kuliko kuusafirisha wa bure kutoka Ohio.

Sasa viatu, hapa nitakaa kidogo maana ndio watu wanapopenda zaidi na ndio panapoharibika zaidi. Kwanza kabisa usipeleke njumu chache kwa timu kubwa. Ukipeleka jozi 11 kwenye shule yenye watoto 35 mazoezini, kesho yake 11 wamevaa na 24 wako peku, na aliyevaa akimkanyaga aliye peku unajua kinachotokea. Peku kwa peku watoto wanacheza vizuri tu miaka na miaka, hatari inakuja wakichanganywa. Kwa hiyo ama zitoshe kikosi kizima cha shule, na zivaliwe kwenye mechi na mazoezi ya kikosi peke yake, ama uache viatu kabisa awamu hii upeleke mipira. Pangani shule nyingi za pwani watoto wanacheza mchangani, maji yakipwa wanahamia ufukweni kabisa, huko njumu haina kazi. Ni wakienda kucheza ngazi ya kata na wilaya ndio zinahitajika, sheria ya 4 ya soka inataka viatu na vikinga ugoko, na mtoto aliyezoea peku akivalishwa njumu asubuhi ya mechi anacheza kama amefungwa miguu, kwa hiyo apate wiki kadhaa za kuzizoea.

Pili, meno ya njumu. Geuza kiatu uangalie chini. Yenye meno marefu ya chuma au ya kufungua na kukaza yalitengenezwa kwa majani yenye tope la Ulaya, kwenye udongo wetu mgumu yanamuumiza mtoto nyayo na kifundo, weka pembeni yote. Yenye meno mafupi ya plastiki yaliyoungana na soli yanafaa. Ila kinachofaa kuliko vyote ni zile zenye vichunusi vidogo vidogo vya mpira soli nzima, zile wanazochezea nyasi bandia, wenyewe wanaziita turf, Wamarekani wanazo nyingi sana majumbani na wanazidharau, hizo ziombe kwa jina. Mtoto anazivaa kwenye udongo, kwenye saruji, na anaenda nazo shuleni.

Tatu, namba, nazitaja kwa vipimo vya Ulaya. Wazazi watakuletea 43, 44, 45 za akina baba. Mtoto wa darasa la nne mpaka la saba yuko kati ya 33 na 40, zaidi ya hapo weka pembeni. Na soli ijaribiwe kwa mkono: shika kisigino na ncha, kikunje. Kikipasuka au kikimwaga unga, hicho ndio kile kiatu kilichokaa kwenye boksi miaka, kinaonekana kipya lakini soli yake ya povu imeliwa na unyevu wa hewa, kitavunjika siku ya kwanza uwanjani. Raba mtoni zinazokuja hivyo ni nyingi kuliko unavyodhania na mtoto anaumia roho vibaya kiatu cha kwanza maishani mwake kikifumuka mbele ya wenzake. Kingine, osha. Udongo wa Ohio utoke wote kwenye meno, kwanza mkaguzi akiuona mzigo unafunguliwa, pili heshima. Osha kwa sabuni, anika kivulini, funga jozi kwa kamba zake zenyewe, andika namba kwenye plasta uibandike ndani.

Na ujue njumu za mtumba Tanzania zipo. Nenda Karume pale Ilala, nenda Memorial Moshi, ukitokea Kenya Gikomba, unachagua jozi kwa jozi kwa namba unayotaka, umeishika mkononi. Mzazi wa Ohio mwenye njumu namba 45 ya bei kali akiiuza huko huko wikiendi nje ya nyumba yake kama wanavyofanya, pesa yake inaweza kununua jozi kadhaa za watoto Karume, na hizo jozi hazihitaji forodha, hazihitaji meli. Watu wengine wanaona hii inapunguza utamu wa kutoa, mi naona inamletea mtoto kiatu kinachomtosha.

Jezi ni rahisi zaidi. Sharti langu ni moja, seti kamili. Jezi 16 za rangi moja zenye namba tofauti na bukta zake ni mali, jezi 60 za rangi 20 ni nguo za kulalia. Klabu yako imebadilisha jezi timu nzima nzima kwa hiyo una bahati, usizichanganye, kila seti ifungwe mfuko wake na karatasi juu imeandikwa rangi, idadi, saizi, namba zilizopo. Wale KitAid wa Uingereza, shirika la kukusanya jezi zilizotumika, ambao walianza mwaka 1998 baada ya mwanzilishi wao kufika Tanzania na kuona watoto wanavyocheza, wana watu wa kujitolea wanaochambua jezi kwanza kabla hazijapakiwa, sio kubeba tu kilichotolewa. Angalia pia matangazo kifuani, yenye pombe au kamari usiwavalishe watoto wa shule ya msingi. Jina la mtoto wa Kimarekani mgongoni halina shida.

Soksi zilizovaliwa usitume, na nguo za ndani za aina yoyote zilizovaliwa usitume kabisa kabisa, Tanzania zimepigwa marufuku na TBS, lile shirika la viwango, Kenya pia haziruhusiwi, na mfuko mmoja wenye hivyo vitu unaweza kukwamisha mzigo wote. Hiyo inaingiza hata sidiria za michezo za wasichana. Hizo zinunuliwe mpya, na ziwekwe kwenye bajeti, usiziruke, maana wasichana wengi wa darasa la sita na la saba wanaacha michezo kwa sababu hiyo tu na hakuna mwalimu wa kiume atakayekutajia.

Na hapo kwa wasichana niongeze. Michango ya Marekani inakuja ya wavulana wa soka hata kama mtoaji hakukusudia, kwa sababu huko netiboli hawaijui, wakati kwetu ndio mchezo wa wasichana kila shule. Sasa netiboli haihitaji vitu vingi. Inataka mpira wake, kwa watoto namba 4, na vizibao saba vyenye herufi za nafasi, GK, GD, WD, C, WA, GA, GS, mara mbili kwa timu mbili. Fundi cherehani yeyote Pangani anavishona kwa siku moja. Nguzo usisafirishe chuma kutoka Marekani, fundi wa kuchomelea anatengeneza, urefu wa pete kutoka chini mita 3.05, kipenyo cha pete sentimita 38, mpe hivyo vipimo tu. Wavu wa magoli ya soka vilevile, uko Pangani, wavuvi wanashona nyavu kila siku ya Mungu, wape kazi hiyo, wavu wao utadumu kuliko wa dukani na hela inabaki mtaani. Kwenye sare za wasichana uliza kwanza, kwetu wengi watataka bukta inayovuka goti au taiti ndefu na jezi ya mikono, na mtandio wa kubana kichwa kwa wanaovaa. Ukipeleka vibukta vifupi vitabaki stoo, na wasichana watabaki pembeni wanaangalia.

Vifaa vya baseball naomba usivipeleke Pangani, hakuna mwalimu wa kuvitumia, ila usivitupe. Dar kuna uwanja wa baseball pale Azania sekondari, ulifunguliwa mwishoni mwa 2018 kwa msaada wa Wajapani, na mchezo wenyewe upo mashuleni. Uganda ndio zaidi, watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Pennsylvania mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya Little League, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Kwa hiyo glovu na magongo hayo yatafutie njia ya Kampala au Dar, yatapata mikono inayoyajua.

Haya, usafiri na ushuru. Neno msaada halifuti kodi, hilo lishike. Nguo na viatu vilivyovaliwa forodha wanaviona kama mitumba, na kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki mitumba inalipiwa asilimia 35 au kiwango cha dola kwa kilo, kile kinachozidi, halafu inakuja VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania na tozo ndogo ndogo. Kuandika thamani sifuri kwenye karatasi hakusaidii, thamani itakadiriwa na wao, na mara nyingi watakadiria juu kuliko wewe. Andika thamani ya kweli ya kitu kilichotumika, ndogo lakini ya kweli, kitu kwa kitu. Msamaha wa kodi unaweza kuombwa, ila unaombwa na mpokeaji, sio mtumaji, na unaombwa kabla mzigo haujapanda meli. Yaani halmashauri au taasisi iliyosajiliwa inaandika barua TRA, mamlaka ya mapato, na orodha kamili ya mzigo. Anayeanza kuomba msamaha wakati mzigo uko bandarini anaomba huku gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na nimeshuhudia mzigo wa jezi ambao gharama za bandari zilipita bei ya jezi zenyewe mpaka wenyewe wakauacha. Mpokeaji kwenye karatasi asiwe shangazi yako wala kaka yako, hata kama ni mwaminifu kiasi gani, iwe ni taasisi. Mitumba inaombwa pia cheti cha kupuliziwa dawa, wakala wako wa forodha Dar akwambie mapema anataka karatasi zipi, na awe mwenye leseni.

Ila kwa mzigo wako wewe hayo yote yanaweza yasikuhusu ukipita njia ndogo. Kwanza mabegi. Mashirika mengi yanayotoka Marekani kuja kwetu yanampa abiria mabegi mawili ya kilo 23. Piga hesabu, seti ya jezi 16 za watoto na bukta zake haifiki kilo 4, mipira 10 ya namba 4 iliyotolewa upepo kama kilo 4 hivi, jozi 15 za viatu vya watoto kama kilo 7, pampu na sindano nusu kilo, bado una nafasi. Begi moja ni shule moja. Watanzania wa Ohio wanaosafiri Desemba na Juni wakibeba begi moja kila mmoja, kwa mwaka umehudumia shule kadhaa bila kuona bandari. Mipira usitoe upepo wote, acha kidogo isikunjike blada. Kila begi liwe na barua ya shule inayopokea na orodha ya vilivyomo, na msafiri avitaje forodha kiwanjani wazi wazi, akiulizwa ajibu ni vya shule fulani, barua hii hapa. Kama kuna cha kulipa alipe apewe risiti, hiyo pesa iwe imeshatengwa. Asivipitishe kwa kujificha kwa sababu eti ni vya watoto.

Njia ya pili, wale wanaokusanya mapipa na maboksi ya diaspora kwenye kontena la pamoja. Unalipia pipa lako tu. Muulize mambo mawili kabla ya kulipa, bei yake inaishia Dar bandarini au mlangoni, na ushuru uko ndani au nje ya hiyo bei, na akujibu kwa maandishi. Kutoka Marekani tenga miezi miwili mpaka mitatu, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo ukitaka vifike kabla ya michezo ya shule katikati ya mwaka, kukusanya kumalizike Novemba msimu wa vuli unapoisha huko. Dar mpaka Tanga na Tanga mpaka Pangani ni basi na fuso, sio shida, lakini ina gharama yake, na shule zilizo ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, zina gharama ya kuvuka pia. Hizo hela za mwisho ndio watu huwa wanazisahau, mzigo umevuka bahari halafu umekaa Tanga mjini kwa kukosa nauli ya kilometa 50. Wakati unakusanya mfuko kwa kila mzazi muombe na dola chache za kusindikiza huo mfuko. Wamarekani wanaelewa sana ukiwaeleza hivyo. Ila kama huna taasisi iliyosajiliwa huko usimwahidi mtu risiti ya kupunguziwa kodi, tafuta jumuiya ya Watanzania au kanisa au msikiti wenye usajili wa hisani wakushike mkono kwenye hilo.

Vitakavyobaki gereji, na vitabaki vingi, usione umeshindwa. Columbus hapo hapo kuna watoto wa wakimbizi, Wakongomani wetu wanaoongea Kiswahili, Wasomali, wazazi wao wamefika juzi na ada ya klabu hawaiwezi, njumu namba 42 na vikinga ugoko vinawafaa leo jioni bila meli. Zungumza na kocha wa shule yao.

Upande wa kupokea, mjulishe Afisa Elimu Msingi na Afisa Michezo wa wilaya mapema, sio kwa kuomba ruhusa ya kila kitu, ila shule ya serikali ikipokea vitu lazima viingie kwenye leja ya stoo, na mkubwa akijua tangu mwanzo vitu havihamishwi. Makabidhiano yafanyike mbele ya kamati ya shule na mwalimu asome orodha kwa sauti, jezi 16, bukta 16, mipira 10, watoto wakisikia. Mi huwa nasisitiza hilo kwa sababu watoto ndio walinzi wa kweli, wakishajua mipira ni 10, wa nane ukipotea watauliza. Jezi na njumu zibaki mali ya shule, mtoto anaazimwa, mwalimu anaandika daftarini jina na namba, mechi ikiisha zinafuliwa na wachezaji wenyewe zinarudi. Ukigawa kila mtoto yake, darasa la saba likimaliza zimeondoka zote na mwakani unaanza sifuri. Wale MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, tangu 1987 timu zao zinapata pointi za ligi kwa kufanya usafi wa mtaa, unaona wazo lenyewe, mchezo unakuja pamoja na wajibu, na walimu wa Pangani wanaweza kuweka la kwao, labda timu inayofagia uwanja na kuutoa miba Ijumaa ndio inayovaa jezi Jumamosi.

Picha za watoto, wazazi wa Ohio watazitaka, ni haki yao kujua vitu vimefika. Piga picha ya mipira, ya leja iliyosainiwa, ya mechi kutoka mbali. Mtoto mmoja mmoja amepanga mstari ameshikishwa kiatu anatazama kamera, hapana, na bila idhini ya mzazi wake usitume sura yake popote.

Kwa hiyo wiki hii fanya mawili tu. Wapigie walimu wa shule mbili na yale maswali ya namba, na utoe gerejini njumu zote za 41 kwenda juu na soksi zote zilizovaliwa. Ukipata majibu ya walimu niandikie, niambie uwanja ni wa namna gani na watoto wangapi, nitakwambia begi la kwanza liwe na nini na nani Tanga anaweza kulipokea.